Mama Akirudi Chuoni, Nyumba Nzima Inarudi Naye



Mwezi wa Oktoba hapa Lubumbashi ni mwezi wa joto. Mvua bado inasitasita, vumbi limejaa barabarani, na maua ya jakaranda yamefunika njia. Watoto wetu wa shule za msingi na sekondari wameanza tangu Septemba. Sasa ni zamu ya wakubwa. Kwa desturi ya nchi yetu, mwaka wa chuo kikuu hufunguliwa karibu na tarehe 15 Oktoba, hata kama miaka mingine tarehe hiyo husogea. Na kati ya wale wanaobeba mifuko kuelekea Kasapa wamo pia mama wa umri wetu, wenye watoto nyumbani, waliorudi kufanya masta au doktora.

Katika chama chetu tunao watatu mwaka huu. Mmoja ni mwalimu wa sekondari, mama wa watoto wanne, anayeingia mwaka wa pili wa masta. Wa pili ni muuguzi, anaanza mwaka wa kwanza. Wa tatu ni asistenti, anaandika teze yake ya doktora. Juma lililopita sisi watano wa komite tuliwasindikiza. Tulikuwa tumechoka kusikia habari za masomo yao kwa mbali. Tulitaka kuona wanakwenda wapi, wanafanya nini huko, na kwa nini wanakuja mkutanoni Jumamosi wakiwa na macho mekundu.

Tunawaandikia leo yale tuliyoyaona, na pia jambo moja lililotugawanya sisi wenyewe kabla ya kutuunganisha.

Siku moja Kasapa

Kampasi ya Kasapa iko upande wa kaskazini wa mji. Wengi wetu tunaijua kwa jina tu, au tuliingia siku ya kusherehekea diploma ya mtoto wa ndugu. Chuo chenyewe ni kizee kuliko wengi wetu. Kiliundwa mwaka 1955, masomo yakaanza 1956, wakati mji bado ukiitwa Elisabethville. Mwaka 1971 vyuo vikuu vya nchi viliunganishwa kuwa kimoja, UNAZA, na mwaka 1981 vikatenganishwa tena, Kinshasa, Kisangani na Lubumbashi, kila kimoja kikabaki na jina lake. Ndiyo maana leo tunasema UNILU.

Tulifika saa mbili ya asubuhi. Mbele ya ubao wa matangazo vijana walikuwa wamesongamana, wakipiga picha ratiba kwa telefone. Wengine walishika karatasi za benki za kulipa minervali, wengine walibeba dosie za kujiandikisha. Kijana mmoja, mwenye heshima sana, akatuuliza: "Mama, mnatafuta mtoto wenu? Yuko promosio gani?" Tukamwonyesha mwalimu wetu, mwenye miaka 41, tukasema: "Mtoto wetu ni huyu." Kijana alicheka, kisha akamsalimu kwa mikono miwili na kumwonyesha mlango wa sekretaria.

Kwa wanafunzi wa masta na doktora, mwezi huu una kazi zake. Wa mwaka wa kwanza wanajiandikisha na kufuata masomo ya namna ya kufanya utafiti. Wa mwaka wa pili wanachagua neno la kuandikia memwari, na wanamtafuta promota, yaani profesa atakayewaongoza. Wa doktora wanaonyesha mbele ya walimu kazi ilipofika. Na siku fulani fulani mtu anatetea teze yake mbele ya juri, hadharani. Jambo hili wengi hawalijui: kutetea teze ni mambo ya wazi. Hata muuza mboga anaweza kuingia, kukaa nyuma na kusikiliza. Tunawaomba mama wenye binti wa sekondari wawapeleke siku moja. Binti akimwona mwanamke amesimama mbele ya maprofesa na kujibu maswali yao moja moja, hatasahau.

Lisansi ya zamani na lisansi ya sasa

Tulipokuwa tunangoja, mwalimu wetu alitueleza jambo ambalo lilikuwa linatuchanganya kwa muda mrefu. Tunaliandika hapa kwa sababu mama wengi wanaliuliza.

Zamani mtoto alifanya miaka mitatu akapata diploma ya gradua, kisha miaka miwili mingine akapata lisansi. Kwa hiyo lisansi ilikuwa miaka mitano. Sasa tumeingia katika mpango unaoitwa LMD: Lisansi, Masta, Doktora. Sheria ya elimu ya mwaka 2014 iliutaja, na tangu mwaka wa masomo 2021-2022 ulianza kuenezwa katika vyuo vyote vya nchi. Katika mpango huu lisansi ni miaka mitatu, masta ni miaka miwili, na doktora ni miaka mitatu au zaidi.

Kwa hiyo mama aliyepata lisansi mwaka 2005 na mtoto aliyepata lisansi juzi hawana kitu kimoja, hata kama jina ni lile lile. Mama mwenye diploma ya zamani asiseme "mimi nimepitwa na wakati", wala asikubali kuambiwa njiani kwamba karatasi yake haina maana. Aende na diploma yake na alama zake mpaka kwenye sekretaria ya fakilte anayoitaka, aulize anaingilia mlango gani. Jibu la sekretaria ndilo jibu. La jirani ni mazungumzo tu.

Kitu kingine kipya ni krediti. Hii si deni la dukani! Ni kipimo cha kazi. Mwaka mmoja una krediti 60, kwa hiyo masta nzima ina krediti 120. Krediti moja ni karibu saa 25 za kazi, ndani yake saa za kumsikiliza mwalimu na saa za mwanafunzi kusoma na kuandika peke yake.

Hesabu iliyotunyamazisha

Hapo ndipo mwalimu wetu alipotoa kalamu. Tulikuwa tumekaa chini ya mti, tunakula mikate na karanga. Alitufanyia hesabu nyuma ya bahasha.

Krediti 60 mara saa 25 ni saa 1.500 kwa mwaka. Ukizigawa kwa majuma 30 ya masomo, ni saa 50 kila juma. Juma zima lina saa 168. Akilala saa 6 kila usiku, zinaondoka 42. Kufundisha, kusahihisha karatasi za wanafunzi wake na kutembea njiani kunakula saa 36. Ondoa na zile 50. Zinabaki 40.

Katika saa 40 hizo kuna kuteka maji, kuwasha mbabula, kusonga bukari, kutwanga sombe, kufua, kupeleka mtoto hospitali, ibada, kilio cha jirani, mkutano wetu, kumsikiliza mume na kumkagua mtoto madaftari. Kwa siku moja, hazifiki saa sita.

Tulinyamaza. Muuguzi akasema: "Na zamu zangu za usiku sijazihesabu." Hakuna aliyecheka.

Tangu siku ile hatusemi tena juu ya mama anayeacha masomo kwamba "kichwa kimekataa". Wengi wao kichwa kiko sawa. Saa ndizo zinakataa, na saa za mama haziko mikononi mwake peke yake. Ziko mikononi mwa watu wote wanaoishi naye, na mwa sisi pia tunaomkaripia akikosa kufika mkutanoni.

Yule tuliyemwacha

Lazima tukiri jambo. Miaka miwili iliyopita mwenzetu mmoja, mama wa mapacha, aliacha masta. Alikuwa amemaliza masomo yote. Ilibaki memwari tu. Sisi tuliona hayuko tena na vitabu vyake, tukadhani amemaliza, au tukadhani hayatuhusu. Tulimpongeza hata kwa kuwa "sasa amepumzika".

Mwezi huu tulikwenda kumwona, na ametupa ruhusa ya kuandika bila jina lake. Alituambia: "Hakuna aliyenifukuza. Watoto waliugua malaria wote wawili kwa wakati mmoja, nikapoteza mwezi. Nikaona haya kurudi kwa promota na karatasi tupu. Mwezi ukawa mwaka. Mngeniuliza hata mara moja, 'memwari imefika wapi?', labda ningerudi."

Tulitoka kwake vichwa vikiwa chini. Katika chama chetu tunajua tarehe za kuzaa za kila mmoja. Tunajua nani anadaiwa kodi ya nyumba. Lakini mambo ya masomo tuliyaona kama mambo ya mtu binafsi. Tulikosea.

Mjadala wa Jumamosi

Sasa tufike kwenye lile lililotugawanya. Mwalimu wetu alikuja mkutanoni akasema kwa sauti ndogo kwamba mwaka huu hatajiandikisha. Sababu ni ya kawaida, kila mama ataitambua. Shule ya msingi ya serikali ni bure tangu 2019, lakini watoto wake wawili wako sekondari, na malipo yao yalikuja Septemba. Mwezi huo huo shangazi yake alifariki, ikabidi achangie kilio. Zamu yake ya likelemba ilikuwa Agosti, na pesa zile zilikwisha. Oktoba ilimkuta mikono mitupu, na minervali haingojei.

Mwenzetu mmoja akapendekeza tuchukue kwenye kasha ya msaada. Hapo moto ukawaka. Kasha ile ina sheria: ni ya ugonjwa, kuzaa na kufiwa. Mama mmoja alisimama akasema maneno ambayo wengine waliyaona makali: "Nikifiwa kesho na kasha iko tupu, nitazika kwa memwari?" Wengine wakasema diploma ni ya mtu mmoja, mkopo wa biashara unarudisha faida. Mwingine akajibu kwamba mwalimu akipata masta, wanaofaidika ni watoto wetu wanaokaa mbele yake. Sauti zilipanda. Mwalimu mwenyewe alilia akasema tuache, angengoja mwaka mwingine.

Yule mama wa kasha alikuwa na haki, na tunataka iandikwe hivyo. Kasha ya vilio haiguswi. Chama kinachovunja sheria yake kwa sababu nzuri, kesho kitaivunja kwa sababu mbaya. Lakini kusema "hapana" kwa kasha hakukumaliza neno.

Ni mama muuza samaki aliyetafuta njia nyingine. Zamu ya Oktoba ilikuwa yake. Sisi tuko 22, kila mmoja anatoa franka 10.000 kwa juma, kwa hiyo anayepokea anapata franka 220.000 kwa mara moja. Alikuwa amekwisha kupanga kununua friza kabla ya Noeli, ili samaki wasiharibike joto hili. Alisema: "Achukue zamu yangu. Mimi nitachukua yake inayofuata. Samaki nitaendelea kuweka kwenye barafu ya kununua, kama kawaida."

Tunajua maana ya maneno hayo. Zamu ya mwalimu inayofuata iko mbali, na barafu ya kununua inakula faida kila siku. Tulimwuliza mara mbili kama amefikiri vizuri. Alisema yeye aliacha shule darasa la sita, na hakuna mtu aliyesimama siku ile.

Pesa hizo zililipa sehemu ya kwanza. Iliyobaki, mume wa mwalimu amekubali kuitoa kwenye mshahara wake kidogo kidogo. Mwalimu amejiandikisha. Friza haijanunuliwa. Mambo yako hivyo leo, na hatuwezi kuwaambia bado yataisha namna gani.

Mapatano ya nyumbani

Pesa peke yake haitoshi. Mke akirudi shuleni bila mapatano, nyumba inageuka uwanja wa vita. Na tukumbuke tulikotoka. Kode ya Famili ya mwaka 1987 ilimtaka mwanamke aliyeolewa apate ruhusa ya mume wake kabla ya kujifunga katika tendo la kisheria. Sheria ya tarehe 15 Julai 2016 ilibadilisha jambo hilo. Sasa inasema mume na mke wapatane. Haisemi mmoja aombe na mwingine aruhusu. Hata mume naye anapaswa kupatana na mke wake.

Neno hili "kupatana" lifike mpaka jikoni. Tuliwauliza wenzetu watatu wanafanya namna gani kwao, nasi tunawaletea yale waliyosema yanasaidia:

Kwanza, kuketi mezani mapema, kabla minervali haijalipwa, mume, mke na watoto wakubwa, na kuandika kwenye karatasi nani anafanya nini siku gani. Kwa mwalimu wetu, kijana wake wa miaka 15 anasonga bukari siku mbili kwa juma. Mwanzoni wakwe walishangaa. Sasa wanamsifu bukari yake.

Pili, kuwa na saa moja isiyoguswa. Muuguzi amechagua saa kumi ya alfajiri mpaka saa kumi na moja, watu wote wakiwa wamelala. Saa ile hakuna anayemwita. Kwa kuwa umeme unaweza kukatika wakati wowote, taa ya kuchaji inabaki tayari karibu na vitabu.

Tatu, kutomficha promota habari za nyumbani. Mtoto akiugua, mwambie mapema, kwa ujumbe mfupi. Asistenti wetu anasema kazi ndogo iliyopelekwa kwa wakati ni bora kuliko kazi kubwa inayosubiriwa mwaka mzima. Na kila kilichoandikwa kihifadhiwe mahali pawili, kwa maana kompyuta nayo hufa.

Nne, kukubali kukosa. Kuna kilio utakachokwenda kusalimia tu na kurudi. Kuna harusi utakayotuma zawadi. Sisi wanachama tusimhesabie.

Kuhusu bursi

Mama wengi wanauliza juu ya bursi. Zipo. ARES na VLIR-UOS za Ubelgiji na DAAD ya Ujerumani zinatoa bursi kwa masomo ya juu, na BEBUC inasaidia wanafunzi bora katika vyuo vikuu vya Kongo. Masharti na tarehe hubadilika kila mwaka, kwa hiyo uliza kwenye ofisi ya chuo chako au soma tangazo lenyewe.

Ubelgiji, mwaka wa masomo unaanza Septemba, na dosie huombwa miezi mingi mbele. Anayetaka kuondoka mwaka ujao aanze sasa kukusanya alama, diploma, barua za maprofesa na pasipoti. Na jihadharini: mtu akikuomba dola "za kufungua dosie ya bursi" kwa telefone, kata simu.

Tangu mwaka 1964

Mwaka 1964 Sophie Kanza alimaliza masomo ya sosiolojia katika chuo cha Lovanium, Kinshasa. Alikuwa mwanamke wa kwanza wa Kongo kupata diploma ya chuo kikuu. Miaka miwili baadaye, 1966, akawa waziri, mwanamke wa kwanza katika serikali ya nchi. Bibi zetu walisikia habari hiyo wakadhani ni hadithi. Mwaka 2024 nchi ilipata waziri mkuu mwanamke wa kwanza, Judith Suminwa. Kati ya hao wawili kuna miaka mingi, na ndani ya miaka hiyo kuna mama wengi ambao majina yao hayako kwenye kitabu chochote: waliofika mlangoni mwa memwari wakarudi kwa sababu ya malaria, kilio au franka kidogo zilizokosekana.

Hatuna nguvu ya kubadilisha yote. Lakini tumepatana mambo matatu, na tunawaalika vyama vingine vya mama vijadili kama wanaweza kufanya vile vile.

Kila Jumamosi ya kwanza ya mwezi, kabla ya kuhesabu pesa, tutawauliza wenzetu watatu: "Kazi imefika wapi? Mnakosa nini?" Wakati wa mitihani na majuma ya mwisho ya memwari, wanachama wanne watapokezana kulinda watoto wao alasiri. Na tangu Januari kutakuwa na kasha ndogo ya masomo, peke yake, mbali na kasha ya vilio. Kila mmoja atatoa franka 1.000 kwa juma. Aliyekuwa wa kwanza kuandika jina lake ni yule mama aliyesema juu ya kuzika kwa memwari.

Neno la mwisho: mwenzetu wa mapacha alikuja mkutanoni Jumamosi iliyopita, baada ya muda mrefu. Hakusema mengi. Alikuwa na bahasha ya kahawia chini ya mkono, na karatasi za memwari ndani, zimeanza kugeuka manjano. Muuguzi atamsindikiza Jumatatu kwenye sekretaria kuuliza kama mlango bado uko wazi.

Jibu tutawaletea. Jumamosi tuonane saa nane, mahali petu pa kawaida. Anayekuja na mtoto alete na mkeka.